Jina Kutoka Upande wa Pili wa Meza

Mpira mweupe ulivuka wavu, ukagusa ukingo wa meza upande wa kijana, ukaporomoka chini kabla hajaufikia. Mzee Mkwizu akarusha mikono juu.

"Umeuona huo? Nenda kauokote Mombasa!"

"Bahati tu, baba," sauti ya Eliamani ikajibu, na nyuma yake kikafuata kile kicheko chake cha puani. "Umegusa ukingo. Hata aibu huoni."

"Aibu ya nini? Ukingo nao ni meza. Nilikufundisha hivyo juu ya mlango wa stoo tulioufanya meza, hujamaliza hata kuota meno."

Nakiete, msimamizi wa mchezo, aliwatazama kwenye kioo cha mtambo wake, kidole kikiwa karibu na kitelezi ambacho hakikuwa na kazi tena. Baba na mwana, meza ya kijani, ukumbi wa mbao wenye madirisha marefu na jua lisilochoma. Ungeona picha ile usingetamani kuiharibu.

Eliamani alikuwa amekufa. Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Nakiete mwenyewe ndiye aliyemfumba macho.

Mzee Mkwizu alikuwa chini bondeni, Hedaru, amesimama katikati ya sebule yake na miwani mizito usoni, akipunga kishikio hewani huku wajukuu wakionywa wasipite karibu. Huku juu milimani, katika Kituo cha Mapafu cha Kwemvumo, chumba cha Eliamani kilikuwa na kitanda kisicho na shuka na dirisha lililofungwa kwa gundi. Hapakuwa na mtu aliyeshika kibao. Kilichocheza kilikuwa kivuli.

Homa ya vumbi haikuua haraka. Ilikaza mapafu polepole, kama mtu anayekamua nguo nzito, na kitu pekee kilichosaidia kilikuwa kuyalazimisha mapafu yafanye kazi. Kupuliza maputo wagonjwa walichoka, na mazoezi ya ngazi waliyakataa. Ndipo Kituo kikaleta mchezo. Mgonjwa alivaa miwani, akashika kishikio chenye uzito wa kibao, na mbele yake zikatokea meza, wavu, na sura ya ndugu yake aliye nyumbani. Hewa ya mgonjwa haikuruhusiwa kuvuka uzio, lakini mpira ulivuka. Watu waliokuwa wakilala wakisubiri kufa waliamka asubuhi wakiuliza zamu yao ni lini.

Tatizo lilikuwa pumzi. Mgonjwa alipoishiwa katikati ya mchezo, alianguka au alilia, na ndugu upande wa pili aliona kila kitu. Kwa hiyo wakatengeneza kivuli: mkono, sauti, vicheko, vyote vilijifunza kutoka kwa mgonjwa mwenyewe siku hadi siku. Pumzi ikikata, Nakiete husogeza kitelezi, kivuli hushika kibao, mgonjwa hukaa kitandani akihema, na nyumbani hawajui kwamba kuna kilichotokea. Ulikuwa wema. Nakiete aliufanya kwa moyo mweupe, na hata sasa asingeweza kusema ni siku gani wema ule uligeuka ukawa kitu kingine.

"Kuna jambo limenifurahisha," Mzee Mkwizu alisema, akiudundisha mpira juu ya kibao. "Siku hizi huegemei meza."

Meza ile haikuwepo, lakini macho yaliiona, na mgonjwa aliyechoka husahau. Huweka kiganja juu ya kijani ile ili apumzike, na kiganja hupita, na mtu mzima huenda chini kama gunia. Kila mgonjwa Kwemvumo alikuwa na kovu la meza, ndiyo maana magodoro yalitandikwa sakafuni. Eliamani alikuwa na makovu mawili, moja kwenye kidevu.

"Mwezi uliopita ulikuwa unaanguka anguka kama mlevi wa harusi," mzee aliendelea. "Nikamwambia mama yako, huyu mtoto anatuficha. Lakini sasa nakutazama, umesimama wima. Huegemei. Mwanangu, umepona wewe. Wanakuchelewesha tu hao."

"Namshukuru Mungu, baba," kivuli kikasema.

Kivuli hakiegemei. Hakichoki. Nakiete aliangalia pembeni.

"Basi weka kibao chini kidogo, nikuambie kilichonileta." Mzee akavuta pumzi, na hata kwenye kioo Nakiete aliona mabega yake yakipanda kwa furaha aliyokuwa ameibana mchezo mzima. "Mkeo Rispa amejifungua. Jana jioni. Mtoto wa kike, mzima, ana kichwa kikubwa kama chako."

Kivuli kilikaa kimya kwa muda ambao mwanadamu angekaa kimya. Kilikuwa kimefunzwa hilo pia.

"Mungu ni mwema, baba," kikasema. "Mungu ni mwema sana."

"Kila wakati. Sasa, mama mkwe wako ana jina lake, bibi zake Rispa wa huko kwao wana majina yao, nyumba imejaa majina kama sokoni. Nimewaambia wote wanyamaze. Baba yake yupo hai, jina litatoka kwake. Kesho mtoto anatolewa nje, watu wamealikwa. Nipe jina niwapelekee."

"Nipe siku moja nifikirie, baba."

"Fikiria. Lakini usilete majina ya kwenye televisheni."

Kivuli kikacheka puani.

*

"Keti, dada Nakiete," alisema Sengasu, mkuu wa zamu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake ya kusomea kila anapotaka kusema jambo zito. Sasa alikuwa anaifuta.

"Nimesimama vizuri."

"Umesikia kuhusu mtoto."

"Nilikuwepo. Kaka Sengasu, hili tulizuie. Kiambie kivuli kikohoe, tukate mchezo, tuseme mgonjwa amezidiwa. Mzee atampa mtoto jina mwenyewe."

"Tukisema amezidiwa, kesho ukoo mzima uko getini."

"Basi tuseme miwani imeharibika."

"Tulisema hivyo kwa familia ya Msangi. Wakaleta miwani mingine, na fundi, na mchungaji." Akairudisha miwani usoni. "Mtambo umekwisha kutafuta jina. Umesikiliza sauti yake yote tuliyonayo tangu alipoingia hapa. Haukukisia. Umechukua jina la kike alilolitamka mara nyingi kuliko yote, na kwa sauti laini kuliko zote. Ndivyo unavyopima mapenzi. Sauti ikishuka, ikilegea, mtambo unaandika: hapa pana upendo."

"Rispa, basi."

"Rispa ni mama. Mtambo unajua mtoto hapewi jina la mama yake. Limefuata la pili."

Akageuza kioo upande wake. Nakiete alisoma, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi Kwemvumo akavuta kiti bila kuambiwa.

Lilikuwa jina lake.

"Alikuwa anaomba maji," alisema.

"Najua."

"Hujui. Wiki mbili za mwisho alikuwa hawezi kuinua kikombe. Aliniita nimpe maji, aliniita nimgeuze, aliniita nimfungue kitambaa kifuani. Nakiete, Nakiete, Nakiete. Sauti ililegea kwa sababu alikuwa anakufa!"

"Mtambo haujui maji. Unajua sauti."

"Rispa atasikia mume wake amempa mtoto jina la mwanamke asiyemjua. Atauliza, huyu Nakiete ni nani? Na mvua zikinyesha, geti likafunguliwa, atakuja hapa kuchukua mwili wa mumewe na atanikuta mimi na jina hili kifuani." Akagusa kibati cha utambulisho kwenye koti lake. "Nitamwambia nini? Kwamba tulimpa mwanao mchanga jina kwa mdomo wa marehemu?"

Sengasu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtu mbaya ungemkemea ukaondoka.

"Badilisha," Nakiete alisema. "Weka jina lingine lolote. Weka Mariamu."

"Siruhusiwi kugusa. Wala wewe. Tukianza kuchagua sisi, tumekuwa waongo, dada yangu. Mtambo ukichagua, ni kama amechagua yeye, kwa namna."

"Kwa namna gani?"

"Kwa namna," alirudia, lakini safari hii hakumtazama.

Kisha akasema, taratibu, jambo ambalo wote wawili walilijua na ambalo watu wa Kwemvumo walilisema kama wengine wanavyosema sala. Mwaka wa kwanza wa homa, taarifa za vifo zilikuwa zinatolewa siku ileile. Alikufa mwalimu mmoja wa kwaya. Watu wake walikuja, wakaambiwa hawezi kutoka, vumbi la mapafu yake bado liko hai hadi mvua ziliue. Wakasema mtu wetu hazikwi na wasiomjua. Wakavunja uzio. Walimwosha, wakamvika, wakamlaza sebuleni, wakamwimbia hadi asubuhi, na kila aliyeingia aliinama kumuaga. Hapakuwa na aliyefanya kosa. Walifanya kama walivyofundishwa. Kabla ya mvua, kijiji kile kilikuwa kimebaki na mbwa na kuku.

"Dada yangu wa kwanza aliimba pale," Sengasu alisema. "Sauti ya pili. Kwa hiyo ukiniambia Agizo la Ukimya, hili la kuficha vifo hadi mvua, ni ubaya, nakubali. Ni ubaya. Nipe ulio mdogo kuliko huo niuchukue."

Nakiete aliinuka.

"Kesho asubuhi mzee ataomba jina," Sengasu alisema mgongoni kwake. "Kivuli kitamjibu. Wewe kaa kwenye kioo chako, dada. Nakuomba."

*

Makaburi ya Kwemvumo yalikuwa nyuma ya chumba cha pampu, mahali ambapo ardhi ilikuwa laini. Hayakuwa na misalaba wala vibao, bali mawe ya mto yaliyopakwa chokaa na namba. Mgonjwa alizikwa na watu wawili waliofunikwa mwili mzima kama wafuga nyuki, na jambo likaisha kabla chai haijapoa. Sheria haikutaja sala. Haikuikataza wala haikuiweka.

Nakiete alikwenda pale jioni kabla jua halijazama, akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya jiwe la Eliamani.

Alikuwa mtu wa maombi. Hakuwa na maneno mengi, kwani shule aliianza ukubwani, akisoma masomo ya jioni na wanafunzi waliomwita mama, na mpaka leo alimwambia Mungu mambo yake kwa sentensi fupi kama za insha ya kwanza. Baba, nionyeshe. Baba, niseme au nisiseme? Nikisema, mzee atakuja na watu wake, na watakufa. Nisiposema, mtoto atabeba jina la uongo maisha yake yote, na huyu aliyelala hapa hajaliliwa na mtu.

Hilo la mwisho ndilo lililomsumbua zaidi. Wiki tatu, na hakuna matanga. Hakuna moto uliowashwa nje, hakuna jirani aliyeleta kuni, hakuna mama aliyekaa kwenye mkeka akishikwa mabega. Kule nyumbani kwao walikuwa wanapika pilau. Kesho wangemtoa mtoto nje kwa shangwe, na baba yake amelala bila hata mtu mmoja wa damu yake kuvua kofia. Kwao Nakiete waliamini, na ingawa kanisani hawakufundisha hivyo yeye aliamini pia, kwamba kucheka nyumbani kwa maiti ni kumtemea mate.

Alisubiri jibu. Alisikia pampu. Upepo uliinua vumbi jembamba kutoka kati ya mawe, akajifunika pua kwa kitambaa kama walivyofundishwa.

Siku ile ya kifo alikuwa ameomba hapa peke yake, baada ya wafuga nyuki kuondoka. Alitaja jina lote, la ubatizo na la ukoo. Aliona inatosha. Sasa aliona haitoshi, lakini hakuambiwa kinachotosha ni nini.

Aliinuka magoti yakiuma, bila jibu, na moyo wake ukiwa umeamua kabla yake. Alijua maamuzi ya namna hiyo huweza kutoka kwa Mungu, na huweza kutoka kwa uchovu.

*

Palikuwa na mlango mmoja ambao Agizo halikuufikiria. Meza ya ukumbini ilikuwa na kawaida ya kuhama: wavu ukapanda, ukingo ukasogea, mpira ukapita katikati ya mbao. Msimamizi alikuwa na haki ya kusimamisha mchezo, kuingia mwenyewe ukumbini na kuipima upya. Wakati wa kupima, kivuli kilizimwa, na sauti haikupitia kwenye chujio lile lililokata maneno kama kufa, kaburi, na marehemu. Chujio liliwekwa kwa ajili ya wagonjwa. Hakuna aliyefikiri kwamba fundi wa meza ana la kusema.

Mzee Mkwizu alitokea ukumbini kwa wakati wake, mwenye haraka. Nyuma ya sauti yake Nakiete alisikia sebule: sufuria, watoto, wanawake wakicheka. Sauti za nyumbani zilipita kwenye kipaza cha mzee, lakini sauti za ukumbini aliyezisikia kule ni mzee tu, ndani ya masikio yake.

"Leo sichezi sana, Eliamani, watu wako mlangoni. Toa jina."

Nakiete alibonyeza. Kivuli kilififia. Akavaa miwani yake, akajikuta amesimama upande wa pili wa meza ya kijani, katika umbo la kijivu lisilo na sura walilopewa mafundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni nani tena? Mwanangu yuko wapi?"

"Naitwa Nakiete. Mimi ndiye msimamizi wa meza hii. Nilimhudumia Eliamani. Baba, kuna watu hapo karibu na wewe?"

"Nyumba nzima ipo. Rispa yuko hapa kwenye kochi na mtoto." Akacheka. "Kwani meza imeharibika?"

"Baba, naomba usivue miwani. Chochote nitakachokuambia, usiivue, na usipaze sauti. Nakuomba kama binti yako."

Kicheko kilikoma. Mzee alikuwa seremala, na maseremala husikia mti ukitaka kupasuka.

"Sema."

"Eliamani amefariki. Ni wiki ya tatu sasa. Uliyekuwa unacheza naye siyo yeye. Ni mtambo uliojifunza kwake."

Umbo la mzee ukumbini lilisimama na kibao mkononi, uso wake wa mchezo ukiwa umetulia, kwa kuwa miwani huonyesha mikono na kichwa lakini haijui machozi. Nakiete alisikia pumzi yake tu. Kisha akasikia, mbali kidogo, sauti ya mwanamke kijana: "Baba, anasemaje?"

Mzee akakohoa.

"Anasalimia," alisema kwa sauti ya nje. "Anasema hajambo." Kisha, kwa sauti ileile, kama anayeongea na mwanawe: "Mwanangu, rudia. Sikukusikia vizuri."

Nakiete alielewa. Akarudia. Alimwambia yote kwa sentensi fupi, kifo na kivuli na Agizo, na sababu ya Agizo, na kijiji kilichobaki na kuku. Mzee alikuwa amekisikia kijiji hicho. Kila mtu bondeni alikuwa amekisikia.

"Na... umelala wapi, Eliamani?" mzee aliuliza, akiishusha sauti. Sauti ilikuwa imara. Ni neno la mwisho tu lililotetemeka. "Huko ulipo, umelala pazuri?"

"Nyuma ya chumba cha pampu, baba. Ardhi ni laini. Kaburi lina jiwe."

"Ulikuwa na watu?"

"Wawili wa kuzika, na mimi. Niliomba peke yangu. Nilitaja jina lake lote."

"Ahsante, mwanangu. Na siku ile... ile siku uliyosema... ulituachia neno?"

Nakiete angeweza kumpa neno. Lilikuwa pale, tayari, zuri, na hakuna ambaye angejua. Alifikiri juu yake kwa kitambo kisha akaliacha.

"Hapana, baba. Aliomba maji. Nikampa. Hakuyamaliza."

Ukumbini jua lisilochoma lililala juu ya meza. Kule Hedaru mtoto alianza kulia, kilio chembamba cha siku mbili, na mtu akamnyamazisha kwa kumtingisha.

"Mama yako nimwambie?" mzee aliuliza.

"Baba, ukimwambia mama utawezaje kumzuia asije? Na akija, nani atabaki nyumbani?" Nakiete alisikia sauti yake mwenyewe na kuichukia. "Mvua zikinyesha geti litafunguliwa. Mtamchukua. Mtamlilia inavyostahili. Lakini mpaka hapo, nakuomba asijue mtu."

"Hata mke wako."

"Hata Rispa."

"Kwa hiyo nicheke," mzee alisema. Hakuuliza.

Nakiete alikuwa amekuja kumtua mzee mzigo wa uongo. Sasa aliona kwamba amemtwika. Kabla ya asubuhi hii Mzee Mkwizu alikuwa amedanganywa. Sasa angedanganya, mkewe, mkwewe, mjukuu, kila siku, kwa mdomo wake mwenyewe, na asingekuwa na pa kulilia isipokuwa ndani ya miwani.

"Baba, nisamehe."

Umbo la mzee liligeuka, likaangalia madirisha marefu.

Taa ya manjano iliwaka pembeni mwa macho ya Nakiete: muda wa kupima meza ulikuwa unakwisha. Aliharakisha. "Jambo la mwisho. Kivuli kitarudi sasa hivi na kitakupa jina la mtoto. Kitasema Nakiete. Ni jina langu. Mtambo ulilipata kwa sababu aliniita sana alipokuwa anaumwa. Halikutoka moyoni mwake, baba. Usilikubali."

"Baba," sauti ya Rispa ilisikika tena, karibu sasa, yenye kicheko na wasiwasi wa mzazi mpya. "Mbona mnanong'ona? Jina gani hilo mpaka mnanong'ona? Mwambie namsalimia. Mwambie ana pua yake."

"Anasikia," mzee alisema. Umbo lake lilikaza kibao. "Amesema..." Akaanza upya, kwa nguvu, kama mtu anayesukuma gogo kwenye msumeno. "Amesema aitwe Nakundwa. Jina la mama yangu."

Sebule ya Hedaru ililipuka. Vigelegele vilipanda, kimoja juu ya kingine, mtu alipiga sufuria kwa mwiko, mwanamke mzee akaita jina lile mara nyingi kwa sauti ya kupasuka, na Nakiete akajua kwamba huyo ndiye mama yake Eliamani. Katikati ya shangwe ile alisikia kitu kingine, karibu kabisa na kipaza, kidogo kama mbao inayochanika: mzee alikuwa analia, amesimama wima, uso wake umefunikwa, na wote waliomzunguka walidhani ni furaha.

"Lia, baba, lia," mtu alimpigapiga mgongoni. "Ni haki yako."

Taa ikawa nyekundu. Umbo la kijivu lilifutika, na Nakiete akajikuta kwenye kiti chake, miwani mkononi, akitazama kioo. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na Sengasu amesimama hapo. Hakujua amesimama kwa muda gani. Naye Sengasu alikuwa anatazama kioo.

Upande wa pili wa meza kivuli kilitokea, kikiwa kimesimama wima, kimeshika kibao kwa vidole vilevile, kichwa kimeinama kidogo kama Eliamani alivyozoea kukiinamisha anapotaka kusema jambo la maana.

"Baba, nimefikiri kuhusu jina," kikasema, kwa sauti iliyoshuka, iliyolegea. "Aitwe Nakiete."

Mzee Mkwizu alikitazama. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea nyuma yake.

"Mtoto ana jina tayari, mwanangu," alisema. Akaudundisha mpira mara moja, akauinua mbele ya macho yake ambayo hayakuwa yanaona kitu. "Cheza."